Kibao Nyuma ya Mwavuli

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea kibanda cha Soli, fundi viatu, na ukikaa mwisho wa upande wa kulia ujue utanyanyuka na gundi kwenye suruali. Mbele yake kuna jiko la mkaa la yule muuza kahawa ambaye jina lake halisi hakuna anayelikumbuka tena, wanamwita Birika tu, na juu ya jiko kuna mwavuli mkubwa uliopigwa na jua mpaka umepauka. Ng'ambo ya barabara kuna jengo jipya la vioo lenye kibao cheupe, DAKTARI BINGWA. Daktari, yule wa mifugo, huja hapo kila jioni akishavua buti zake za mpira, na kila jioni hukaa pale pale, panapoelekeana na kibao. Kwa nini mtu akae mahali panapomuumiza roho, muulizeni mwenyewe. Mimi nilishachoka kuuliza.

Jioni hiyo aliwahi, kavaa shati la kutokea, simu kaishika kama yai. Wenzake walijua sababu, maana kwenye benchi lile siri haimalizi kikombe kimoja. Chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kwenda kusomea ubingwa, miaka mitatu, mbali na nyumbani, na leo kabla ya kufunga ofisi watampigia aseme anakwenda au haendi.

— Sasa mheshimiwa, unakwenda au huendi? aliuliza Soli, misumari mdomoni.

— Bado nafikiria.

— Ulianza kufikiria siku ulipochanja kuku wa mke wangu. Wale kuku sasa wana wajukuu.

— Jambo la miaka mitatu si la kukurupuka, Soli.

Alijibu hivyo lakini macho yalikuwa ng'ambo. Mlango wa vioo ulifunguka, kengele ikalia ting, akatoka mama mmoja kambeba mbwa aliyefunikwa blanketi. Mbwa na blanketi, jamani! Nyuma yake akasimama bingwa mwenyewe, koti jeupe pe, jina limetariziwa mfukoni kwa uzi wa buluu, akampungia mbwa mkono. Daktari alipiga funda la kahawa bila kupuliza. Ulimi ukaungua, akajikausha.

— Mnamwona yule? alisema. Nimesoma naye darasa moja. Tumelala kitanda kimoja cha ghorofa, mimi juu yeye chini. Siku ya kwanza ya kupasua mzoga alianguka chini puu, kazimia. Nani alimmwagia maji? Mimi! Leo yeye bingwa, mimi nanuka ng'ombe.

— Kidogo tu, alisema Birika kwa upole.

— Kidogo nini?

— Unanuka kidogo tu.

— Cheka, cheka tu. Juzi kanisimamisha mtu na mbuzi wake. Nikatua begi, nikafungua, nikatoa kipimajoto. Ananiambia, samahani, nilikuwa nauliza tu, bingwa yupo?

— Ukamjibuje?

— Nikamwonyesha mlango! Kwa mkono huu huu uliogeuza ndama tumboni mwa mama zao mpaka nikasahau idadi. Nikasema, nenda pale kwenye vioo.

Wivu ulikuwa unamla, na wala hakuuficha vizuri. Kwa mtu mwingine ungemtoka kwa maneno ukaisha, lakini yeye alikuwa analala nao. Alishampitia fundi cherehani kuulizia uzi wa buluu unapatikana wapi, na hilo hakumwambia mtu. Asubuhi ile ile mkewe alikuwa anamweleza jambo kuhusu paka wa nyumbani, naye akaitikia mm, akili yote imehamia kwenye koti la mwenzake.

Sasa hapo alikuwepo Refa. Refa alichezesha mechi za mtaani mpaka magoti yakamgomea, lakini filimbi haijamtoka shingoni hata leo. Alikuwa kimya muda wote, na Refa akikaa kimya jueni kuna kadi inatafutwa mfukoni.

— Mimi kuna kitu sielewi, alisema. Huyu bingwa, kamfunga nani?

— Kamfunga nani kivipi? aliuliza Daktari.

— Bingwa lazima awe kashinda mechi. Mtu halali akaamka bingwa. Walicheza wapi? Nani alikuwa katikati?

— Refa, ubingwa wa udaktari ni masomo. Si mpira.

— Ubingwa ni ubingwa! Na hauwekwi kabatini, unatetewa kila msimu. Huyu tangu afungue hapo, kautetea lini? Kacheza na nani? Hakuna. Huo ni ushindi wa mezani.

Daktari alijua ni upuuzi mtupu. Lakini ulikuwa upuuzi mtamu, akausogelea.

— Kwa hiyo unasemaje?

— Nasema usiende chuo. Mtake mechi. Mbuzi wawili, ugonjwa mmoja, uwanja wa shule, mimi katikati. Mbuzi wa kwanza kusimama akala majani, daktari wake ndiye bingwa.

— Na wakisimama pamoja? aliuliza Soli.

— Penalti.

— Mbuzi wapige penalti!

— Madaktari, wewe!

Soli alitema misumari kiganjani. Ukimwona Soli anatema misumari, sogea karibu, ana neno zito.

— Nyie mnaongea tu, alisema. Mimi nimekishika kiatu chake.

Benchi zima likamgeukia.

— Alikileta mwezi uliopita. Sasa sikilizeni. Kisigino kizima kabisa, hakijaguswa. Lakini mbele, vidoleni, pameliwa pamekuwa kama karatasi. Maana yake nini?

— Maana yake nini?

— Huyu mtu anashinda kutwa nzima kasimama kwa vidole. Na mtu anayesimama kwa vidole anafanya nini? Anachungulia!

— Anachungulia nini?

— Anatuchungulia sisi, alisema Soli, akageuza kichwa kuelekea vioo. Dirishani. Kila jioni. Ana jambo na benchi hili.

— Soli, gundi imekupanda kichwani, alisema Daktari. Mtu ana koti jeupe, ana taa ya dari inayozunguka, aje achungulie wanywa kahawa? Ana nini cha kutaka huku?

— Kiatu hakidanganyi.

— Niwaambie mimi nilichosikia? alidakia Birika, akipepea mkaa. Wanafundishwa lugha.

— Lugha gani?

— Ya wanyama. Unadhani miaka mitatu yote ya nini? Mwaka wa kwanza mnasoma paka, wa pili mbwa, wa tatu ng'ombe.

— Kwa nini ng'ombe mwisho?

— Anaongea taratibu. Neno moja anacheua nusu saa. Ndiyo maana wakiingia pale mlango unafungwa. Wanaongea! Nyie mmewahi kumsikia mbwa akilia mle ndani? Anaeleza matatizo yake, anasikilizwa, anatoka na blanketi.

Refa alipuliza filimbi kidogo kuashiria faulo, lakini Daktari hakucheka. Alikuwa anajiona. Anajiona kasimama mlangoni, kengele inalia ting, koti linang'aa, mwenye mbuzi anakuja mbio anasema samahani, nauliza tu, bingwa yupo? Naye anamjibu, ndiye mimi.

— Nakwenda, alisema ghafla.

— Wapi?

— Chuo. Nimeamua. Wakipiga nawaambia nakwenda. Kwani yeye ana mikono minne? Nitarudi hapa bingwa, nitafungua ng'ambo hiyo hiyo, mlango kwa mlango, na kibao changu kitakuwa kikubwa kuliko chake!

— Hapo umenena! alisema Refa.

— Na kengele mbili, alisema Soli.

Kabla hawajamaliza kumpongeza, ng'ambo ikalia ting. Akatoka mwanamke mwenye kikapu kilichofunikwa kanga, akaangalia magari huku na huku, akavuka kuja upande wao. Birika ndiye aliyemtambua kwanza.

— Daktari, alisema kwa sauti ya chini, yule si shemeji yetu?

Alikuwa ndiye. Mama Pacha, mkewe wa ndoa, anatoka kwa bingwa kweupe. Daktari alisimama, kahawa ikamwagikia shati la kutokea.

— Hamjambo, shemeji zangu, alisema Mama Pacha.

— Hatujambo, shemeji, karibu, waliitikia, kila mtu akitafuta pa kuweka macho.

Hakungoja kuonyeshwa pa kukaa. Alikaa palepale alipokuwa amekaa mumewe, kikapu magotini. Daktari alirudi kinyumenyume akajibwaga mahali palipobaki, upande wa kulia. Soli alifungua mdomo amwonye, akaona si wakati wake.

— Baba Pacha, usinitolee macho. Nimempeleka paka.

— Kwa yule?

— Kwa yule.

— Mama Pacha! Nyumbani kuna daktari wa mifugo, analala humo, anakula humo, wewe unabeba paka unampeleka kwa yule? Mbele za watu?

— Nilikwambia nini asubuhi?

Daktari akakitazama kikapu.

— Nilikwambia macho ya paka yamefunikwa utando mweupe, yote mawili. Ukasema mm. Jana nilikwambia, ukasema mm. Siku hizi wewe unaongea na kibao tu.

Soli aliinama kutafuta msumari ambao haukuanguka.

— Kasemaje? aliuliza Daktari. Hakutaka kuuliza, neno lilimponyoka.

— Kamwinamia pua kwa pua na kitaa kidogo, kasimama kwa vidole, kamtazama weee. Kasema macho hayana shida. Utando ukitoka macho yote mawili namna ile mara nyingi ni tumbo, huenda ana minyoo. Kasema mambo ya tumbo aliyaacha siku nyingi, yeye anafanya macho tu.

— Macho? alisema Refa.

— Kwani si bingwa wa macho? Ya wanyama. Pale pameandikwa.

— Pameandikwa Daktari Bingwa, shemeji, basi. Sisi ndio tunaokaa hapa.

Mama Pacha alimtazama, akatazama kibao, akanyanyuka akausukuma mwavuli pembeni. Chini ya yale maneno mawili waliyoyazoea ukatokea mstari wa pili, herufi kubwa, nyeusi tii: WA MACHO YA WANYAMA.

Lo! Walitazamana kama wageni. Soli maisha yake yote anatazama miguu. Refa haoni mbali. Birika anaishi chini ya ule mwavuli. Na Daktari aliapa kutokanyaga upande ule wa barabara, na kumuuliza mwenzake kasomea nini aliona ni kumpa sifa. Mwaka mzima kamwonea mtu wivu, na kibao chenyewe hajakisoma chote.

— Akaniambia nimpeleke kwa daktari hodari wa matumbo, aliendelea Mama Pacha. Nikamuuliza yupi. Akanyoosha kidole dirishani. Wewe.

— Kanitupia makombo! alifoka Daktari. Kilichomshinda ndicho anachoniletea mimi!

— Hebu acha hizo. Kasema kila jioni anawaona mnavyocheka, yeye kafungiwa ndani na sungura, na hajaitwa hata siku moja. Kasema wivu unamuua.

— Nilisema! alirukia Soli. Vidole! Nilisema au sikusema?

Lakini Mama Pacha alikuwa hajamaliza. Alikifunua kikapu kidogo paka apate hewa, akageuka kwa mumewe, na safari hii sauti ilikuwa ya chini.

— Mimi sikukatazi. Ukienda, nitabaki na watoto, nitajibu maswali yao, miaka itapita. Ila nataka nijue cha kuwaambia. Huko unakwenda kuwa bingwa wa nini?

Daktari akamtazama Refa, Refa akaichunguza filimbi yake. Akamtazama Soli. Akamtazama Birika, mtu aliyejua mpaka ng'ombe anasomwa mwaka wa tatu, naye akawa anapepea mkaa uliokwisha kuzimika.

Simu ikaita. Kwa haraka Daktari alibonyeza vibaya, sauti ya dada wa chuo ikasikika benchi zima.

— Habari za jioni, Daktari. Ndiyo tunafunga. Unakuja?

— Nakuja.

— Vizuri sana. Imebaki sehemu moja tu sijajaza. Macho, meno, ngozi, moyo, upasuaji, uzazi. Nikuandike bingwa wa nini?

Kwenye kikapu paka alimtazama kwa yale macho yake yaliyofunikwa nusu. Daktari akajaribu kujiona tena pale mlangoni. Aliliona koti. Aliona mpaka uzi wa buluu. Aliyekuwa mezani, mnyama anayemtibu, hakumwona.

— Daktari? Upo?

— Nipo, dada. Sijui.

— Hujui?

— Sijui. Sijawahi kujiuliza.

Upande wa pili karatasi zikapekuliwa.

— Basi nafasi hii nampa anayejua. Ukishajua, omba tena mwakani. Usiku mwema.

Daktari aliweka simu mfukoni, akapangusa kahawa kwenye shati, ikazidi kutapakaa. Ungeona kabisa limemuuma. Kisha akataka kunyanyuka achukue kikapu, na suruali ikakataa. Alijaribu tena, ubao ukanyanyuka naye upande mmoja, Refa nusura aanguke.

— Usivute, itachanika! alisema Soli. Nisubiri nilete kisu.

— Basi mtibu hapo hapo, alisema Mama Pacha, akampakatisha paka.

Daktari akambinya tumbo taratibu kwa vidole viwili, akamfunua fizi akatazama rangi yake, akaomba begi lake la dawa. Kwa mara ya kwanza jioni ile hakutazama ng'ambo. Birika ndiye aliyetazama, akamwona bingwa kwenye kioo, kasimama kwa vidole, koti jeupe pe.

— Jamani, anatuona, alisema Birika. Tumwite naye?

Soli alisita na kisu mkononi. Wote walimngoja Daktari, ambaye alikuwa anakadiria uzito wa paka kwa mkono na hakuinua kichwa.

— Kahawa si imekwisha? alisema.

Birika alilitikisa birika lake, likatoa mlio wa kahawa tele. Akalitazama, akamtazama Daktari.

— Imekwisha, alisema, akalifunika.