Mpalestina wa Chumba cha Uani

Mtaani kwetu Mchafukoge hakuna mahakama, kuna benchi. Liko barazani kwa Ramadhan, fundi saa, na jioni moja ya mwaka sabini na tano lilipata kesi nzito. Mwanafunzi wa Kipalestina alikuwa ndani na sanduku lake, anangoja kujua kama atapewa chumba cha uani. Ramadhan alimtaka, mkewe anaogopa, basi kesi ikaletwa kwetu wanywa kahawa. Shahidi mkuu alikuwa Bakili Sinema, ambaye hakuna picha ya Kizungu iliyofika mjini asiione mara mbili.

– Waarabu nawajua, alisema Bakili. Wote wana jambia, wote wanapiga kelele. Na Mwarabu akicheka, ujue mtu anakufa.

– Huyu alicheka mchana, alisema Ramadhan.

– Umeona sasa.

– Alicheka kwa sababu ulivaa kanzu nje ndani, nikamkumbusha Ramadhan.

Pius Foleni, mpanga foleni za sukari wa mtaa mzima, akasema redio za Ulaya zikimtaja Mpalestina, bomu halipo mbali, kwa hiyo sanduku lile si la nguo. Bakili akaapa kwamba na farasi wake wapo njiani. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia, lakini aibu nayo ilinishika. Aliyekuwa anatumiminia kahawa hiyo ni Mzee Awadhi, Mwarabu wa Shihiri, kule Yemeni, mwaka wa ishirini sasa yuko nasi, na hajamchoma mtu kisu. Akamjazia Bakili kikombe kingine.

– Na sisi Waafrika, kwenye sinema zako tunafanya nini? nikamuuliza Bakili.

– Tunapika Wazungu kwenye chungu.

– Umeshamla mmoja?

– Nyama ya ng'ombe yenyewe siipati, ndugu yangu.

Hapo akafika Bi Zena, balozi wetu wa nyumba kumi, na daftari la wageni kwapani, maana mgeni haruhusiwi kulala mtaani bila kuandikwa. Tukamwamkia, akaitika, akafungua ukurasa.

– Mgeni anaitwa nani?

Ramadhan akamtazama Pius, Pius akanitazama mimi. Tangu mchana tulikuwa tunamwita Mpalestina tu.

– Na hao Waarabu wa sinema, Bakili, walikuwa wanaitwa nani? nikauliza.

Bakili akaanza kuhesabu kwa vidole, waliopigwa risasi, walioanguka na farasi. Kisha akakunja vidole vyote, bila kupata jina hata moja. Bi Zena akavua ndara, akapiga hodi, akaingia. Ramadhan akainuka kutafuta ufunguo wa chumba cha uani, na sisi tuliobaki tukasogea dirishani tusikie jina.