Walisema Nimenona

Asalaam aleikum, wamama na wababa. Na ndugu zangu wa kanisa, habari zenu. Nimeambiwa niseme kidogo kabla hatujaanza kutembea. Mkiona nimeshika hiki kiti, niacheni tu nikishike. Kuongea mbele ya watu naogopa, lakini kuna kitu nilikiogopa zaidi.

Nilimzaa binti yangu hapa Bulla Pesa, salama kabisa. Mama mkwe akatoka Biliqo akaja kunilea ile arobaini. Mnatujua sisi Waborana, mama aliyezaa halali njaa. Supu asubuhi, nyama na mafuta mchana, maziwa ya ngamia wakati wowote. Miguu ikaanza kujaa, uso ukawa mviringo. Wanawake wakija kuona mtoto wanasema, "Mashallah, umenona! Umetunzwa!" Mama mkwe alifurahi, na mimi nikafurahi. Nani hapa hapendi kusifiwa?

Lakini ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nazama kwenye nchi kavu. Nikilala chali, pumzi inakatika. Nikawa nalala nimekaa, nimeegemea gunia la mchele. Nikikohoa, wanasema ni baridi ya uzazi. Kwenda choo cha plot, pale tu nje, nilikuwa nasimama njiani nikishika ukuta. Nikilalamika, naongezewa supu.

Mchana mmoja nilikuwa namnyonyesha mtoto, mikono ikalegea, akateleza mpaka kwenye mapaja yangu. Sikuweza kumwinua. Niliita, sauti haikutoka, lakini mtoto alilia. Jirani yangu Mturkana alikuwa anafua nje, akaingia. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole. Shimo likabaki pale pale.

Akamwambia mama mkwe, "Mama, hii si mafuta. Hii ni maji."

Mama mkwe alivaa viatu vya huyo jirani, hata hakujua, tukakimbizwa hospitali.

Daktari alisema moyo umelegea, na umelegea kwa sababu ya kuzaa. Nikamuuliza, kwa nini mimi? Akaniambia, "Mama, kusema ukweli, hatujui. Inashika huyu, inaacha yule." Hiyo "hatujui" iliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe. Kitu ambacho hata daktari hakijui, mimi nitakikimbiaje?

Dawa zilitoa maji, nikakonda. Hofu haikutoka. Mtoto sikumbeba mgongoni, nikiwaza nikianguka nitamlalia. Kutwa nilikuwa nausikiliza moyo. Ukiruka kidogo tu, natamka shahada.

Mwaka jana yakaja haya matembezi ya kuchangia utafiti wa moyo. Nilikataa. Jirani akanibembeleza mpaka nikachoka kukataa. Pale mwanzo, mama mmoja mfugaji akanishika mkono akaniweka mbele ya watu wote. "Tukihama, mnyama dhaifu anatangulia," akasema. "Ukimweka nyuma, ni wa fisi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Barabara ya Leparua iko tupu mbele yangu, umati uko nyuma, na moyo unapiga mpaka masikioni. Pumzi ikakatika. Nikakaa kwenye jiwe nikajiambia, basi, ni hapa, na mtoto wangu hata hajajua kuniita.

Nikageuka. Watu wote walikuwa wamekaa chini, kwenye vumbi, na mabango yao. Hata wale vijana wa mbio. Hakuna aliyenipita.

Jirani akaniuliza, "Umeshamaliza kufa, ama tungoje kidogo?"

Nilicheka huku nalia. Pumzi ikarudi polepole, nikainuka, na wao wakainuka. Tulifika.

Asanteni nyote mliokaa kwenye vumbi siku ile. Jirani yangu, kidole chako kiliniokoa. Mama mkwe, usijilaumu kwa ile supu, ulinipenda kwa njia uliyoijua. Na nyinyi wengine, mama akizaa halafu ashindwe kulala chali, msimsifu kwanza. Mpelekeni apimwe moyo.

Sitawadanganya, bado naogopa. Asubuhi ya leo nimeogopa wakati nafunga viatu. Binti yangu ni yule pale, anavuta nguo ya bibi yake. Mungu akipenda, siku moja naye atazaa. Siku hiyo nataka daktari wake asiseme hajui. Ndiyo maana natembea. Haya, twendeni.