Kamera Iliyosema "Amechoka"

Sisi wa kijiwe hiki tunakaa kwenye ubao mmoja nje ya karakana ya vyuma, na habari za karakana tunazipata kabla hata bosi hajazisikia. Lakini hii tuliletewa na mwenyewe. Grisi, mkereza vyuma, alitujia kichwa kimelowa chapachapa, akasema kibarua chake kimeota nyasi.

— Nani kakufukuza? akauliza Redio, kinyozi wetu.

— Kamera! Wameifunga kwenye mashine yangu. Inapima joto, na ina akili bandia. Leo imeandika kwenye skrini: "Amepata moto sana. Amechoka. Abadilishwe haraka."

— Lo! Imeona damu inavyochemka. Uligombana na shemeji?

— Kidogo tu.

— Si unaona! Inaona mpaka chumbani.

Profesa, fundi cherehani tuliyempa jina hilo kwa sababu ya miwani tu, akatikisa kichwa.

— Haipimi hasira, inapima umri. Mwili mkuukuu hutoa joto jingi.

— Ndiyo maana nikajimwagia maji! Nikasimama mbele yake natetemeka. Bado inasema amechoka.

— Umelowesha kichwa tu, akasema Profesa. Miguu je?

— Na hiyo kahawa yangu uliyoichukua, nikadakia mimi, inywe ikishapoa, kaka.

— Subirini zifungwe majumbani, akasema Redio. Mkeo anaamka, skrini inamwambia: amechoka, abadilishwe!

Tulicheka mpaka ubao ukalia. Grisi hakucheka.

— Nina watoto shuleni, jamani. Mashine ile nimeilea kama mwanangu, leo naitwa mchovu? Inaniuma kweli.

Hapo akafika mama mmoja mwenye kinu cha kusaga nafaka, kaja kuulizia shafti yake, ule mhimili wa kinu alioleta ukerezwe.

— Samahani, fundi. Hiyo kamera inatazama wapi?

— Kwenye kisu cha kukatia chuma.

— Sasa si ingesema "kimechoka"?

Profesa akavua miwani.

— Labda hawakuifundisha ngeli, akasema polepole.

— Kumbe si mimi! Grisi akamkumbatia Redio, akamkumbatia Profesa, akataka kumkumbatia mama, akajizuia. Mimi mzima! Mimina kahawa!

— Hongera, baba, akasema mama. Na hicho kisu, umeshakibadilisha?

Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa bado inanguruma, kisu kile kile kikiikereza shafti ya mama. Grisi alitoka mbio na kikombe changu mkononi.