Shangazi na Mashine Iliyochaguliwa Miaka Sita

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Shangazi wa maktaba ya santuri ya redio yetu atakabidhi funguo za chumba chake na kustaafu. Hakuna mtangazaji aliyepo leo anayemkumbuka mtunza santuri mwingine. Sote tunamwita Shangazi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, naye hutuita wanangu hata tunapokuwa tumemkosea, ingawa siku hizo neno hilo hulitamka kwa namna inayomfanya mtu aangalie viatu vyake.

Alipoulizwa aandikiwe nini katika kuagwa, aliomba jambo moja tu: tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mazuri yake tuyaandike kama yapo, lakini na ile habari ya sahani ya muziki ya dereva wetu tuiandike, kwa sababu kuiacha ni kama kusema dereva hakupoteza kitu. Meza yangu imetazamana na yake kwa miaka mingi, kwa hiyo nilijaribu kumbishia. Nilishindwa, kama kawaida.

Aliajiriwa kupokea salamu za wasikilizaji. Siku moja mtunza santuri wa zamani hakutokea kazini, Shangazi akaombwa ashikilie kwa muda. Muda wenyewe ndio unaokwisha mwezi huu. Masikio yake yalijulikana jengo zima. Santuri ikizunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, hata kidogo tu, utamwona anapanda ngazi za studio viatu mkononi, chai ameiacha inapoa. Mtangazaji wa asubuhi aliwahi kushika santuri kwa vidole vyenye siagi. Alifukuzwa maktaba mwezi mzima, ikawa anaagiza nyimbo zake dirishani kama mgonjwa anayesubiri dawa.

Ndiyo maana mkurugenzi alipoamua santuri zote zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, hakuna aliyebisha kwamba mashine ya kazi hiyo aichague Shangazi. Ya kwanza kuletwa ilikuwa kimashine kimoja cha sanduku, chenye waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Alikisikiliza kidogo akakifunga. Mkono wake wa plastiki ulikandamiza sindano kama karani anayegonga muhuri, na nyuma haukuwa na kizito cha kupunguzia mkandamizo huo. Kila santuri ingetoka na mikwaruzo mipya. Hapo alikuwa sahihi kabisa, na kimashine kikaenda stoo.

Ya pili ilikuwa nzuri, ila mkanda wa kuzungushia santuri ulikuwa unalegea. Ya tatu haikukubali sindano nene, ile inayohitajiwa na santuri nzito za zamani. Ya nne yeye alisema inavuma, sisi wengine hatukusikia chochote. Tukaanza kumtania kwamba anachagua mashine kama anayemchagulia bintiye mume. Mhasibu, ambaye si mtu wa methali, alisimama kikaoni akasema mchagua jembe si mkulima. Shangazi akamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Kikao kikacheka, na mwaka mwingine ukapita.

Sasa tufike kwa dereva. Baba yake alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya redio hii, na alifariki dereva akiwa bado ananyonya. Wimbo aliouimba mwenyewe ulikuwa mmoja tu, uliorekodiwa humu humu studioni. Haukuwa kwenye santuri ya kawaida. Ulikuwa kwenye sahani ya bati iliyopakwa lakiri, utando mwembamba unaobeba sauti, aina ambayo huchongwa moja tu na hulika kila inapopigwa. Dereva alijua ipo kabatini. Kila baada ya muda alisimama mlangoni na funguo za gari, akauliza kama mtu anayepita tu. Shangazi alimwahidi kwamba wimbo wa baba yake hautaguswa na sindano ya ovyo. Ungepigwa mara moja, kwa mashine inayostahili, na angebaki nao hadi kwa wajukuu zake. Dereva alikubali kusubiri, nasi sote tuliona amefanya vizuri.

Mwaka wa sita mashine ikapatikana. Sinia lake la kuzungushia santuri ni zito, mkono wake unapimwa uzito hadi unatulia, sindano zake ni mbili, ile nyembamba na ile nene. Ina kikuza sauti chake kidogo, na kisanduku kinachoipeleka sauti kwenye kompyuta bila kuibana. Ni mashine kweli, na hata mhasibu alikiri. Shangazi akataka wa kwanza uwe wimbo wa dereva. Dereva alikuja na shati lililopigwa pasi, akaketi kwenye kiti changu. Shangazi akalifungua jalada ambalo hakuwa amelifungua miaka yote hiyo kwa kuogopa vumbi, akaivuta sahani, na lakiri ikabaki ndani ya jalada. Ilikuwa imepasuka na kubanduka vipande vipande, kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mkononi mwake mlikuwa na bati tupu.

Wajuzi wa mambo hayo walituambia baadaye kwamba sahani za namna ile hufa zenyewe kabatini, zipigwe zisipigwe. Kile kimashine cha sanduku kingeukwaruza wimbo, kingeutoa na kelele zake zote, lakini kingeutoa. Shangazi hakungoja kuambiwa. Alilisema mwenyewe, mbele ya dereva, siku hiyo hiyo.

Kwa miezi kadhaa dereva hakumsalimia. Akipangiwa kumpeleka mahali, alimfungulia mlango wa gari, akaendesha, akamrudisha, basi. Inaniuma kuandika hili, maana wote wawili ni watu wetu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Shangazi alikitoa kile kimashine stoo, akakiweka kando ya mashine kubwa, akaanza na santuri zilizokuwa taabani zaidi, kwa chombo chochote kilichokuwa hakina kazi. Leo maktaba nzima imo kwenye kompyuta. Baadhi ya nyimbo zina mikwaruzo, na ukimlalamikia atakwambia mikwaruzo haijamnyima mtu baba yake. Sisi tumeacha kulalamika.

Ile sahani aliwahi kuisikia mara moja, mwaka wake wa kwanza maktabani. Hasira zilipopoa, dereva alikuja kumuuliza anakumbuka nini. Shangazi alijaribu siku nyingi. Maneno yalikuwa yamemtoka, sauti ya wimbo hakuwa na hakika nayo, na kubuni alikataa. Alichokumbuka ni kwamba kabla ya gitaa kuanza mtu yule alicheka, kicheko kifupi cha puani kinachopanda mwishoni kama swali. Akamwambia dereva kwamba hicho ndicho kicheko chake yeye, anachokicheka mlinzi akimtania getini, na kwamba miaka yote alikuwa akikisikia koridoni bila kujua alikisikia wapi kwanza. Dereva alichukua funguo zake za gari, akaondoka. Kesho yake asubuhi alimsalimia.

Shangazi, asante kwa kila wimbo uliotufikishia hewani salama. Majuto uliyonayo hatuwezi kukuondolea, nawe hukutuomba. Uende nyumbani na afya, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Dereva ameomba awe yeye wa kukurudisha siku ya mwisho, na ameniagiza niandike kwamba kila Jumapili atakuwa anapita kukuona. Anasema utani wa mlinzi atausimulia mwenyewe na atacheka mwenyewe. Wewe kazi yako iwe kusikiliza tu.