Mzee Pua, Mwonja Mvinyo Aliyeingia Kwenye Katuni

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Pua, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, kifungua mimba wa fundi mapipa na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, ambako alisimamishwa masomo kwa kumwambia mwalimu wa kemia, mbele ya darasa zima, kile ambacho mwalimu huyo alikuwa amekunywa asubuhi hiyo, kwa kumnusa tu.

Mwaka 1974 alianza kazi ya kubeba makasha kwenye ghala la mvinyo. Akawa mwonjaji, kisha mhakiki mwenye safu yake gazetini. Wenye mashamba ya mizabibu walimwogopa. Neno lake moja liliwanyima usingizi. Mwaka 1979 alimwoa mama yetu, ambaye mpaka leo hajaonja hata tone.

Mwaka 2012 watengenezaji wa katuni ya vichekesho walimwalika aigize kwa sauti yake mhusika aliyechorwa kwa sura yake: mtaalamu anayesifia mvinyo kwa maneno mazito, kumbe amemiminiwa maji ya chombo cha maua.

"Miaka yote hii, mke wangu, ndivyo wanavyoniona?"

"Nenda tu, baba watoto. Wajukuu watacheka, basi."

Akaenda. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za mvinyo. Sokoni, benki, hata msibani, watu walimpigia kelele kwa maneno ya ile katuni: "Naam! Huu umekomaa!" Alitabasamu tu. Angefanya nini?

Mwaka 2021 alipatikana na saratani ya koo. Upasuaji ulimwacha hai, ukamwacha bila sauti. Februari 2024 ugonjwa ulirudi, akalazwa. Alasiri moja runinga ya wodini ikaonyesha ile katuni. Wodi nzima ikaangua kicheko. Mama akahangaika kutafuta rimoti.

"Tuachie kidogo, mama," nesi alisema huku akibadilisha dripu ya marehemu. "Huyu mzee ananivunja mbavu!"

Mama alitaka kumwambia kuwa sauti ile ni ya mgonjwa wake. Marehemu akamshika mkono, akatikisa kichwa. Aliangalia mpaka mwisho, mabega yakitikisika. Kama alikuwa anacheka au analia, mama hajui, na wa kumuuliza hayupo.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024, mama akimlowanisha midomo kwa pamba.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Juzi tulipokuwa tunasubiri tangazo la msiba kwenye runinga, katuni ile ikarushwa. Mjukuu mdogo akaikimbilia runinga: "Shikamoo, babu!" Akasimama pale, akisubiri kuitikiwa.

Mungu ampe mzee wetu pumziko la amani.