Profesa wa Mwaka wa Kwanza

Profesa Ummkulthum, uso ndani ya nikabu, alikaa kwenye basi la Bububu nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakimsengenya bila kujua kama yupo.

"Profesa mzima wa hesabu anasomesha mwaka wa kwanza? Kafanya kosa gani?"

"Kapewa ukuu wa chuo, kaukataa. Ati wanaoanza ndio wanaomhitaji."

"Astaghfirullah. Hana jamaa wa kumshauri?"

Profesa akacheka kimoyomoyo. Mamake mzazi alimshauri hadi anakufa.

"Bora angekomea yeye, shoga. Nassra wangu, alosomeshwa naye, kaitwa kazi benki, hataki. Anataka kusomesha wanaoanza, kama yeye."

Basi likasimama Mtoni. Cheko lilikwishamkauka Profesa. Alishuka asijue akamkumbatie Nassra au akamkataze.