Shangazi Subiri na Sauti Iliyokatakata

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mhariri wetu wa sauti anastaafu baada ya kuitumikia studio hii miaka thelathini na miwili. Jina lake limo kwenye faili za utumishi. Sisi tunamwita Shangazi Subiri, na anaitika.

Alianza enzi za kanda, mkasi na gundi. Video za michezo ya kompyuta alizianza akiwa na miaka hamsini na tatu, hajui hata kitufe cha kurukia ni kipi. Udadisi wake hauna breki. Aliwahi kufungia maikrofoni ndani ya friji ya ofisi kutwa nzima, eti ajue inangurumaje. Maziwa yaliharibika, jibu likapatikana.

Ila tutamkumbuka zaidi kwa ile fainali. Mchezaji mmoja, mama wa watoto wawili, alishinda kombe lake la kwanza huku akijirekodi, na mayowe kama yale hayarudiwi. Wakati wa kuhariri, sauti ikawa inakatakata. Mwandishi wa wasifu huu, kwa kujitia fundi, alikata na kuunga mahali arobaini na mbili, kisha akahifadhi juu ya rekodi yenyewe. Mayowe yakageuka kwikwi, na mama huyo, mteja wetu, angekuja kesho yake. Ndiyo, ni mimi, na kazi niliiona inaota mbawa.

Shangazi hakufoka. Alifungua droo akatoa diski yenye nakala ya rekodi ya awali. Kwake kazi haianzi kabla nakala haijaingia humo. Akaicheza nje ya programu ya kuhariria. Safi kabisa! Wengine tungeshukuru tukaenda zetu, yeye akataka kujua kwa nini. Akagundua sauti ilikwama pale tu picha zilipojaa milipuko. Kumbe rekodi haikuwa na kosa, kompyuta ndiyo iliyolemewa. Akapunguza ubora wa picha ya kutazamia wakati wa kuhariri, sauti ikatulia. Mteja alilia kwa furaha, mimi kwa aibu.

Jana, tukiandaa video ya kumuaga, salamu za mkurugenzi zikaanza kukatakata. Mkono wangu ulikwenda kukata, ukasita. Tukatoa sekunde kumi, tukazisikiliza nje ya programu. Hazikuwa na doa. Tulipiga makofi, na Shangazi mwenyewe hakuwepo kuyasikia.

Asante, Shangazi, kwa masikio na subira. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana na maisha mema. Friji ya nyumbani uihurumie. Droo yako tumeirithi, na nakala ya video yako imo.